Herufi Zilezile, Maana Tofauti: Vipande Vinavyojirudia katika Maneno Marefu ya Kiingereza na Athari Zake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Maneno marefu ya Kiingereza, hasa ya kitaaluma, hujengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini ambavyo hujirudia katika maneno mengi. Msomaji anayevijua vipande hivyo aweza kulifumbua neno ambalo hajawahi kuliona. Makala haya yanafafanua namna vipande hivyo vinavyobeba maana, kisha yanaonesha mahali ambapo ulinganifu wa herufi humpotosha msomaji: pale ambapo vipande vya asili mbalimbali vimefanana, pale ambapo maana kinzani zimetenganishwa na herufi moja au mbili, na pale ambapo neno limekatwa pasipo pake. Hoja kuu ni kwamba maana haimo katika herufi zenyewe bali katika historia ya kipande, na kwamba Kiswahili, kinapotohoa istilahi kwa kufuata matamshi, chaweza kuufuta upambanuzi uliokuwa ukionekana katika tahajia. Makala yanapendekeza kwamba utohozi uongozwe na kipande badala ya neno mojamoja, na kwamba palipo na vipande kinzani vinavyokaribiana kwa sauti, istilahi iundwe kwa maneno ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili anayesoma isimu, tiba au sayansi ya udongo katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hukutana kila siku na maneno ya Kiingereza yenye herufi 12, 15 au hata 20. Ushauri anaopewa mara nyingi ni kwamba asiyaogope: alikate neno, atafute ndani yake kipande anachokijua, kisha aijenge maana kutoka hapo. Aliyekwisha kujua kwamba '-logy' ni taaluma na 'bio-' ni uhai, hana haja ya kufunuliwa maana ya 'biology'.

Ushauri huo una msingi, lakini haujakamilika. Unachukulia kwamba herufi zilezile hubeba maana ileile popote zinapotokea. Dhana hiyo ikiachwa bila kuhojiwa huzaa makosa ya aina mbili. La kwanza ni kosa la usomaji, yaani msomaji kupata maana isiyokuwemo katika matini. La pili ni kosa la uundaji wa istilahi, ambalo lina uzito zaidi kwa wataalamu wa Kiswahili: mtohoaji hulihamisha neno kwa sauti yake tu, na kipande kilichobeba maana katika lugha chanzi kikafika katika lugha pokezi kikiwa hakitambuliki, au kikiwa kimefanana na kipande kingine.

Makala haya yanaanza kwa kueleza urefu wa neno la Kiingereza unatokana na nini, yanaonesha vipande vinavyojirudia vikifanya kazi ipasavyo, kisha yanachunguza mazingira matatu ambamo herufi hupotosha. Sehemu ya mwisho inarejea kwenye Kiswahili, na kuuliza istilahi zetu zinajifunza nini kutokana na hali hiyo.

2.0 Vyanzo vya urefu wa neno

Neno refu si geni kwa Mswahili. Kitenzi 'tutakapowaandikishia' kina herufi 20. Ndani yake mna kiambishi cha nafsi tu-, cha wakati ujao -taka-, kirejeshi cha wakati -po-, cha yambwa -wa-, mzizi -andik-, viambishi vya usababishi na utendea -ish- na -i-, na irabu ishilizi -a. Hakuna kamusi inayolisajili neno hilo, wala hakuna mzungumzaji anayelihitaji likiwa limesajiliwa. Huundwa papo hapo kwa kanuni za sarufi, likatumika, likapita. Urefu wake ni wa kisarufi.

Kitenzi cha Kiingereza hakibebi nafsi, wakati na yambwa kwa pamoja, hivyo urefu wa maneno ya lugha hiyo hutoka kwingine. Njia ya kwanza ni kurundika viambishi vya uundaji juu ya neno la kawaida. Mfano mashuhuri ni 'antidisestablishmentarianism', lenye herufi 28. Kiini chake ni 'establish', kusimika. 'Establishment' hapa ni hadhi ya kanisa kuwa kanisa rasmi la dola. 'Dis-' huiondoa hadhi hiyo. 'Anti-' hupinga kuondolewa huko. '-Arian' humtaja mfuasi, na '-ism' huutaja msimamo wake. Neno lilihusu mjadala wa Uingereza wa karne ya 19, ambamo, miongoni mwa mengine, Kanisa la Ireland lilitenganishwa na dola kwa sheria ya mwaka 1869. Pamoja na urefu wake, kiini cha neno hili ni kitenzi cha kawaida, na mzungumzaji wa Kiingereza aweza kulifuata hatua kwa hatua.

Njia ya pili, ambayo ndiyo inayotuhusu zaidi, ni kuunganisha mizizi ya Kigiriki na Kilatini ambayo haisimami peke yake katika Kiingereza. Mizizi hiyo ni mofimu funge, na mzungumzaji hakulelewa nayo nyumbani; huipata shuleni, kama aipatavyo msomaji wa Dodoma au Eldoret. Mbele ya maneno ya aina hii, mzawa wa lugha na mgeni wake wamo karibu katika hali moja.

Njia ya tatu ni mchezo. Shakespeare, katika tamthilia ya Love's Labour's Lost, amemtia mchekeshaji kinywani neno la Kilatini 'honorificabilitudinitatibus', lenye herufi 27. Konsonanti na irabu hupishana ndani yake moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba, isipokuwa konsonanti ya mwisho, umbo lake la silabi halimpi Mswahili taabu yoyote. Mwaka 1741 mshairi William Shenstone alitumia katika barua yake 'floccinaucinihilipilification', herufi 29, neno lililounganisha maneno manne ya Kilatini yanayotaja vitu visivyo na thamani, kwa maana ya kitendo cha kukiona kitu kuwa si chochote. Hata mchezo huu unatii kanuni: anayebuni neno la utani hana budi kutumia vipande ambavyo wenzake watavitambua, la sivyo utani haupo.

3.0 Kipande kinapofanya kazi yake

Chukua neno 'otorhinolaryngology', lenye herufi 19. Linagawanyika katika sehemu nne za Kigiriki: 'oto-' ni sikio, 'rhino-' ni pua, 'laryngo-' ni zoloto, na '-logy' ni taaluma. Hospitali zetu huiita idara hiyo ya masikio, pua na koo. Viungo ni vilevile, na mpangilio ni uleule. Tofauti ni kwamba jina la Kiswahili humfikia mgonjwa yeyote aliye mlangoni, ilhali jina la Kiingereza humfikia tu aliyefundishwa vipande vyake.

Irabu 'o' inayofunga kila sehemu ina kazi yake. Haina maana ya kileksika. Ni kiungo kinachoshikamanisha mzizi na mzizi. Kiungo hicho kilirithiwa kutoka Kigiriki, na Kiingereza hukitumia hata katika maneno ambayo Wagiriki wa kale hawakuyajua. Ukubwa wa neno la namna hii huongezwa kwa kuongeza mzizi na kiungo chake, mithili ya behewa na kulabu yake.

Kilele cha mbinu hiyo ni 'pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis', lenye herufi 45. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno nchini Marekani, kwa kusudi la kupata neno refu kuliko mengine. Vipande vyake ni hivi: 'pneumono-' mapafu, 'ultra-' kupita kiasi, 'micro-' udogo, '-scopic' kuonekana, 'silico-' silika, 'volcano' volkano, 'coni-' vumbi, na '-osis' hali au ugonjwa. Likiunganishwa, ni ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi la silika la volkano lililo dogo mno. Neno ni la kubuni, lakini ugonjwa unaokaribiana nalo ni wa kweli na jina lake ni fupi zaidi: 'silicosis', ugonjwa wa mapafu unaowapata wachimbaji wa madini na wapasuaji wa mawe wanaovuta vumbi la silika. Aliyejifunza '-osis' na 'silico-' kutokana na neno la mchezo ameweza kulisoma neno la hospitali. Hiyo ndiyo faida ya kipande kinachojirudia.

Hata hivyo, kipande kisichobadilika umbo chaweza kuhama maana. Kiambishi '-logy' kinatokana na neno la Kigiriki 'logos', lenye maana pana: usemi, hoja, maelezo, hesabu. Katika 'biology' na 'geology' maana iliyotwaliwa ni maelezo ya kitaalamu. Katika 'analogy' iliyotwaliwa ni ulinganifu wa kihesabu, na katika 'trilogy' ni usemi au kisa, yaani visa vitatu vinavyofuatana. Historia ni moja na herufi ni zilezile, lakini anayedhani kwamba 'analogy' ni taaluma amekosea. Kosa hilo ni dogo. Yafuatayo ni makubwa zaidi.

4.0 Herufi zinapompotosha msomaji

4.1 Vipande vitatu vyenye umbo la 'ped'

Kivumishi cha Kiingereza kinachoyasifu maneno marefu ni 'sesquipedalian'. Asili yake ni kwa mshairi wa Kirumi Horace, aliyeyataja maneno yenye urefu wa futi moja na nusu. 'Ped' iliyomo humo ni ya Kilatini, na maana yake ni mguu. Ndiyo hiyohiyo iliyomo katika 'pedestrian', mtembea kwa miguu. Katika 'centipede', mdudu wa miguu mingi. Na katika 'impede', ambayo asili yake ni kufunga miguu pingu na sasa ni kuzuia.

Msomaji akiishika maana hiyo, ataipeleka katika 'pediatrics'. Hapo itamwangusha. 'Ped' ya neno hili ni ya Kigiriki, kutoka neno lenye maana ya mtoto. Nalo, likiunganishwa na 'iatros', tabibu, hutoa tiba ya watoto. Mtoto huyohuyo yumo katika 'encyclopedia', ambayo asili yake ni elimu kamili ya malezi. Yumo pia mahali ambapo wengi hawamtarajii: katika 'orthopedics'. Kwa kuwa tiba hiyo hushughulika na mifupa, na miguu ni sehemu ya mifupa hiyo, ni rahisi kudhani kwamba 'ped' ni mguu. Lakini tabibu Mfaransa Nicolas Andry alipoliunda neno hilo mwaka 1741, aliunganisha 'orthos', iliyonyooka, na neno la mtoto, kwa kuwa alikuwa akizungumzia kunyoosha maumbile ya watoto yaliyopinda. Neno likapanuka likawahusu watu wa rika zote, na mtoto akabaki ndani yake bila kuonekana.

Kipo na kipande cha tatu. Katika 'pedology', sayansi ya udongo, 'ped' ni ya Kigiriki kwa maana ya ardhi.

Tahajia ya Uingereza huhifadhi sehemu ya historia hiyo: mtoto huandikwa kwa 'ae', kama katika 'paediatrics' na 'orthopaedics', ilhali mguu na ardhi huandikwa kwa 'e' pekee. Tahajia ya Marekani imeiondoa 'a'. Matokeo yake ni kwamba 'pedology' ya Marekani yaweza kuwa sayansi ya udongo au taaluma ya watoto, na herufi hazimwambii msomaji ni ipi. Herufi moja iliyoonekana kuwa ya ziada ndiyo iliyokuwa imebeba upambanuzi.

Msomaji makini anao msaada mmoja. Neno ambalo vipande vyake vingine ni vya Kigiriki huelekea kuwa la Kigiriki lote, na mguu kwa Kigiriki ni 'pod-', si 'ped-'. Akiona 'ortho-', aliye Mgiriki, ana sababu ya kumshuku mguu. Lakini msaada huo nao si kanuni kamili: 'sociology' imeunganisha Kilatini mbele na Kigiriki nyuma, na 'television' imefanya kinyume chake.

4.2 Kiambishi 'in-' kisichokanusha

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba 'in-' hukanusha: 'visible' huonekana, 'invisible' haionekani. Akikutana na 'inflammable', ana haki ya kudhani kwamba ni kitu kisichoshika moto. Kweli yake ni kinyume. 'In-' hiyo haikanushi. Imetokana na kitenzi cha Kilatini cha kutia moto, ambamo ilikuwa na maana ya ndani au kuelekea. Kwa hiyo 'flammable' na 'inflammable' zina maana moja: kinachoshika moto kwa urahisi. Katika karne ya 20 wataalamu wa usalama wa moto walihimiza matumizi ya 'flammable', kwa sababu kibandiko kilicho juu ya pipa la mafuta hakitoi nafasi ya kueleza historia ya kiambishi. Hapa tunaona jamii ya wasemaji ikikubali kwamba usahihi wa kihistoria hautoshi ikiwa msomaji wa kawaida ataangamia kwa kuusoma.

4.3 Kinzani zilizokaribiana

Vipande 'hypo-' na 'hyper-' vyote ni vya Kigiriki. Cha kwanza ni chini ya, au pungufu. Cha pili ni juu ya, au kupita kiasi. Hutumika katika jozi: 'hypothermia' na 'hyperthermia', joto la mwili lililoshuka na lililopanda mno, 'hypotension' na 'hypertension', shinikizo la damu la chini na la juu, 'hypoglycaemia' na 'hyperglycaemia', upungufu na wingi wa sukari katika damu.

Katika jozi hii ya mwisho, neno moja lina herufi 13 na la pili 14, na herufi zote isipokuwa zile za silabi ya pili ni zilezile. Maana, hata hivyo, ni kinyume, na matibabu ni kinyume pia: mmoja huhitaji kupewa sukari upesi, na mwingine huhitaji sukari yake ishushwe. Insulini humsaidia wa pili. Akipewa wa kwanza yaweza kumuua. Ni nadra kwa lugha kuweka mzigo mzito kiasi hicho juu ya silabi moja isiyo na mkazo.

Kamusi huzidisha ukaribu huo, kwa kuwa mpangilio wa alfabeti huziweka kinzani hizo katika kurasa zinazofuatana. Maneno yaliyo mbali kabisa kwa maana hukaa jirani kwa sababu ya herufi zao za mwanzo.

5.0 Mahali pa kukata neno

Ushauri wa kulikata neno hauna maana ikiwa hatujui kisu kipite wapi. Neno 'helicopter' limetokana na istilahi ya Kifaransa ya karne ya 19, iliyounganisha 'helico-', kitu kilichojizungusha kama parafujo, na 'pter', bawa, ambayo imo pia katika majina ya wadudu na wanyama warukao. Sehemu yake ya kweli ya kukatia ni kabla ya 'pt'. Lakini sikio la Kiingereza halianzi silabi kwa 'pt', kwa hiyo wasemaji walilikata 'heli' na 'copter', na vipande hivyo viwili vipya vikaanza kuzaa: uwanja wa helikopta huitwa 'heliport'. Kihistoria mkato huo ni kosa. Kiisimu ni ukweli wa leo, kwa sababu wasemaji wanautumia na wanaelewana.

Wanaisimu wenyewe hawakusalimika. Katika semantiki, neno lililo chini ya jingine kimaana ni 'hyponym': 'hyp(o)-' na '-onym', jina. Irabu 'o' iliyo katikati ni ya '-onym'. Ile ya 'hypo-' imedondoshwa. Neno la juu lilipotafutiwa jina, baadhi waliunda 'hyperonym', inayofuata Kigiriki, na wengine 'hypernym', iliyolikata neno la kwanza kana kwamba sehemu yake ya pili ni '-nym'. Istilahi zote mbili zingali zinatumika.

Kiswahili kimefanya mambo hayohayo kwa muda mrefu, na wasomaji wa isimu yake wanaijua mifano. Neno la Kiarabu lililotupa 'kitabu' halikuwa na kiambishi ki-; mzizi wake wa konsonanti tatu unaanza na k yenyewe. Kiswahili kilisikia ki-, kikaliingiza neno katika ngeli ya KI-VI, kikapata 'vitabu'. Amri ya barabarani ya Kiingereza ya kushika kushoto ilitoa 'kipilefti', na wingi wake 'vipilefti'. Chuma cha kuzuia matope kilifika kikiwa 'madigadi'. Ma- ikahesabiwa kuwa ya wingi, na umoja ukawa 'digadi'. Katika kila mfano, herufi au sauti zilizofanana na kiambishi zilipewa maana ya kiambishi.

Mifano hii inaonesha kwamba jamii yoyote ya wasemaji hutafuta maana katika ulinganifu wa umbo. Tofauti iliyopo ni kwamba 'kitabu' kilipokatwa upya hakuna aliyedhurika, kwa kuwa kilichobadilika ni wingi wake tu. Istilahi ya kitaaluma haina uhuru huo.

6.0 Kiswahili kinapozipokea istilahi hizo

6.1 Mpangilio wa vipande

Katika maneno ya Kigiriki yaliyoingia Kiingereza, kiini cha maana hukaa mwisho: kipimo ni '-meter', taaluma ni '-logy', kifaa cha kuonea ni '-scope'. Kiswahili kikiunda kwa rasilimali zake, kiini hukaa mwanzo: 'kipimajoto', 'kipimamvua', 'kipimapembe'. Hali ni hiyohiyo katika 'isimujamii', ambayo ni isimu kwanza, kisha jamii.

Tofauti hiyo ina athari katika kamusi. Vifaa vya kupimia vya Kiswahili hukusanyika mahali pamoja chini ya herufi K, na mwanafunzi akifungua ukurasa mmoja huiona jamii nzima. Vya Kiingereza vimetawanyika kote, na undugu wao huonekana tu kwa anayesoma kutoka mwisho. Umbo la Kiswahili lina faida ya ufundishaji ambayo haijatumiwa ipasavyo.

Lakini si kila kipande cha mwisho ni kigeni kwetu. 'Darubini' imetoka Kiajemi, na imeundwa na vipande viwili vyenye maana ya mbali na kuona, sawa kabisa na 'telescope' ya Kigiriki. 'Hadubini', ya kuonea vitu vidogo, ina mwisho uleule wa -bini. Msomaji wa Kiswahili anazo tayari herufi zinazojirudia zenye maana, na hakuzipata kupitia Kiingereza.

6.2 Tahajia inayofuata sikio

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Majina ya kamusi hizo mbili yanaonesha njia mbili zilizotumika. 'Isimu' imetoka Kiarabu na imekwisha kuzaa ndani ya Kiswahili: mwanaisimu, isimujamii, kiisimu. 'Biolojia', 'fizikia' na 'kemia' zimetoholewa. Njia zote mbili ni halali, na kutofautiana kwao hakuna ubaya. Katika isimu yenyewe, 'fonolojia' na 'mofolojia' zimeishi sambamba na 'sarufi matamshi' na 'sarufi maumbo'.

Tatizo huanza pale utohozi unapoongozwa na matamshi ya neno mojamoja. Kipande 'bio-' huandikwa 'bio' na wengine, 'bayo' na wengine. 'Biolojia' na 'bayolojia' zote zinasomwa. Mwandishi akiandika 'biolojia' katika ukurasa mmoja na 'antibayotiki' katika mwingine, amewatenganisha ndugu ambao Kiingereza, pamoja na ukorofi wa tahajia yake, kiliwaweka pamoja. Kwa upande mwingine, vipande visivyo na undugu hukutana: 'psych-' ya nafsi na 'cyt-' ya seli, zikifuatwa kwa sikio, zote huanza na 'sai', kama katika 'saikolojia' na 'saitolojia'. Tahajia ya Kiswahili ni ya kifonetiki, na hiyo ni sifa yake njema. Lakini sifa hiyo haituzuii kuchagua umbo moja kwa kila kipande na kulishikilia.

Suala huwa zito zaidi kwa 'hypo-' na 'hyper-'. Zikitoholewa kwa matamshi ya Kiingereza, huwa 'haipo' na 'haipa'. Silabi mbili za mwanzo zinafanana, na tofauti yote imebaki katika irabu moja ya mwisho. Isitoshe, 'haipo' tayari ni neno la Kiswahili, tena la kukanusha mahali. Katika 'haipoglisemia' msomaji aweza kusikia kwamba sukari haipo, na kwa bahati atakuwa karibu na ukweli. Katika 'haipothesisi' atasikia tasnifu isiyokuwepo, na bahati hiyo itamgeuka. Ndiyo maana 'nadharia tete' imefanya kazi njema zaidi: haihitaji msomaji apuuze Kiswahili chake ili aielewe.

6.3 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, utohozi ufanywe kwa kipande. Kabla ya kuamua tahajia ya istilahi moja, orodha ya istilahi zote zenye kipande hicho iwe mezani, na uamuzi uzihusu zote. Pili, palipo na vipande vyenye maana kinzani na sauti zinazokaribiana, istilahi iundwe kwa maneno ya Kiswahili, hasa katika tiba na usalama. 'Upungufu wa sukari katika damu' ni kirefu kuliko 'haipoglisemia', lakini hakuna muuguzi atakayekisikia kikiwa 'wingi'. Tatu, kamusi za istilahi zisajili vipande vyenyewe kama vidahizo, na kila kimoja kipewe asili yake. Kidahizo 'ped-' chenye maana tatu zilizotenganishwa kingemfaa mwanafunzi kuliko maneno 20 yaliyoelezwa kila moja peke yake.

Yaweza kupingwa kwamba kuunda kwa maneno ya Kiswahili kunamtenga mwanafunzi na istilahi za kimataifa atakazozikuta baadaye. Hofu hiyo ina haki yake, lakini jibu lake ni pendekezo la tatu. Mwanafunzi anayekijua kipande na historia yake atalisoma neno la kimataifa popote atakapolikuta, kwa tahajia ya Uingereza au ya Marekani. Aliyepewa mwangwi wa neno hilo kwa silabi za Kiswahili hakupewa ufunguo wowote. Neno bado limefungwa, ila sasa limefungwa katika lugha mbili.

7.0 Hitimisho

Maneno marefu ya Kiingereza husomeka kwa sababu vipande vyake hujirudia, na hupotosha kwa sababu hiyohiyo. 'Ped' ni mguu, mtoto na ardhi. 'In-' hukanusha na hutia ndani. 'Hypo-' na 'hyper-' zinakaribia kuwa neno moja kwa sikio huku maana zao zikipingana. Katika kila hali, kinachomwokoa msomaji ni kujua kipande kilikotoka, si kuona herufi zake tu. Kiswahili kinapoendelea kuzipokea na kuziunda istilahi, kina nafasi ambayo Kiingereza hakikuipata: kuchagua kwa makusudi ni kipi kihamishwe kwa sauti na kipi kisemwe upya kwa maana. Kipimo cha uchaguzi huo kiwe msomaji wa mwisho, yule atakayeisoma istilahi juu ya kibandiko, katika cheti cha hospitali au katika mtihani, bila mwalimu kuwa karibu naye.